Goma la Bukoba, Kichupa cha Wenyewe

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, mchana kweupe, ardhi ya Kagera ilitikisika. Tetemeko la ukubwa wa 5.9 likabomoa nyumba Bukoba nzima, likaondoka na watu wasiopungua 17, na Hamugembe ikawa moja ya kata zilizochapwa vibaya. Kuta chini, mabati kifudifudi, familia zinalala nje kwenye maturubai. Shule za Ihungo na Nyakato zikafungwa maana majengo hayakuwa ya kuingiza mtu. Sasa cheki hii. Mwezi huohuo, watu hawajamaliza hata kufukua vyombo, Diamond Platnumz na Rayvanny wakadondosha "Salome". Kila simu yenye bando, kila baa yenye umeme, kila bodaboda yenye spika ikawa inapiga goma ambalo mizizi yake ni Kihaya. Dairekta ni Nicorux wa Sauzi, mrembo ni Hamisa Mobetto, rangi zinawaka, madansa wako fiti kinoma. Masela wa kitaa wanakodolea vioo vilivyopasuka, kifusi kiko nyuma yao. Sauti ya kwao kabisa. Picha siyo ya kwao.

Sisemi Diamond alizingua. Goma lilikuwa unyama, na lilimrudisha Saida Karoli, mwenye wimbo asilia, midomoni mwa madogo waliokuwa hawamjui hata kwa jina. Ninachosema ni kwamba ukifuatilia vichupa kuanzia huko Majuu mpaka vilipotufikia, unakuta wana wa Hamugembe tumekaa upande wa watazamaji muda mrefu mno. Na zile sababu za kukaa huko zimeshakwisha.

Wahaya tunaitwa nshomile, wasomi, kwa hiyo niruhusu nisome kidogo historia.

Huko Marekani miaka ya 1940 kulikuwa na mashine zinaitwa Soundies. Unatumbukiza sarafu, unaangalia mwanamuziki akipiga wimbo mmoja kwenye kioo, imeisha hiyo. Wafaransa wakaja na yao, Scopitone, baada ya vita. Ilikuwa biashara ya baa zaidi. Lakini kichupa kama tunavyokijua leo, kile kinachotangulia mwanamuziki kufika sehemu ambazo yeye mwenyewe hajafika, kina mkono wa mtoto wa Unguja. Farrokh Bulsara, kazaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946, familia ikahamia Uingereza baada ya Mapinduzi ya 1964, dunia ikamjua kwa jina la Freddie Mercury. Mwaka 1975 bendi yake ya Queen ilikuwa na "Bohemian Rhapsody", goma la karibu dakika 6 ambalo kulipiga laivu kwenye televisheni ilikuwa noma. Wakaingia studio za Elstree na dairekta Bruce Gowers, wakashuti kwa saa chache tu, wakakabidhi mkanda, wao wakaendelea na ziara. Televisheni ikawa inawapiga bila wao kuwepo. Wimbo ukakaa namba moja wiki baada ya wiki, na makampuni ya rekodi yakashtuka: kumbe picha inauza sauti!

Na ukidhani Unguja iliishia kumzaa Freddie, bado. Miaka hiyohiyo ya 1970 Zanzibar ilikuwa tayari ina televisheni ya rangi, ya kwanza kusini mwa Sahara, wakati sisi wa bara hatuna hata ya nyeusi na nyeupe. Mwalimu hakuwa na haraka na kitu hicho. MTV ilipowashwa Marekani tarehe 1 Agosti 1981, Kagera ilikuwa bado inajikung'uta vumbi la vita vya Amin. Michael Jackson alipotoa "Thriller" mwaka 1983, filamu ya dakika zipatazo 14 chini ya John Landis, mtu wa Bukoba angeijulia wapi? Labda kwa ndugu aliyetoka Kampala na kanda begini.

Mambo yalianza kulegea enzi za Mzee Ruksa. Mwinyi alipofungua milango, deki na televisheni zikaanza kuingia, na Kagera tulikuwa na njia yetu: mpaka wa Mutukula. Hata umeme wetu tulinunua Uganda, kwa hiyo ukiwasha runinga Bukoba ulikuwa unawasha kwa stima ya kwa Museveni. Redio za Uganda zilikuwa zinaingia bila pasipoti, na Kiganda Mhaya anakidaka bila mkalimani. Ndiyo maana mpaka leo Chameleone wa Uganda ukimpiga Hamugembe hakuna anayeuliza huyu ni nani.

Lakini wafalme wa mkanda walikuwa Wakongo. Muulize mshua yeyote aliyekuwa kijana miaka ya 1990: Pepe Kalle, Kanda Bongo Man, Wenge Musica, Koffi Olomide, baadaye Awilo Longomba. Vichupa vile vilikuwa na fomula moja. Kamera imesimama, kundi limejipanga mstari, suruali pana, mashati ya bei, kisha sebene linaingia na kila mtu anachanganyikiwa. Hakuna stori. Hakuna haja ya stori. Watu walikaa kibanda umiza wakarudisha nyuma sehemu moja ya kiuno mpaka kanda ikaanza kuchora mistari, halafu wakaenda kuijaribu harusini. Kama unajiuliza kwa nini baba zetu wanacheza vile, jibu liko kwenye VHS.

ITV na DTV zikaja 1994, TVT ya serikali miaka michache baadaye, na katikati hapo Bongo Flava ikawa inakua bila picha. Mr II alikuwa tayari jina kubwa kwa kaseti na redio. Halafu Channel 5, yaani EATV, ikaingia mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuwapa madogo wa mjini saa nyingi za vichupa mfululizo. Hapo ndipo msanii wa Bongo akagundua kwamba bila video yeye ni nusu msanii.

Na ndani ya dirisha hilo ndipo alipotokea Saida. Mtoto wa kijiji cha Rwongwe, Bukoba vijijini, mpiga ngoma, anaimba Kihaya. Mwaka 2001, akiwa chini ya meneja Felician Muta, albamu yake ya "Maria Salome" ikaipiga nchi kofi, na wimbo ambao wengi wanaujua kama "Chambua Kama Karanga" ukaimbwa Mtwara na watu ambao Kihaya hawajakisikia hata kwenye basi. Kichupa chake hakikuwa na ndinga wala ghorofa. Ngoma, wachezaji, yeye mwenyewe na uso wake. Kwa mtoto wa Hamugembe wa enzi hizo, kumwona mtu anayeongea kama bibi yake akiwa kwenye kioo kilekile anachotokea Koffi, waitu, hiyo ilikuwa habari nyingine. Ilitakiwa iwe mwanzo. Badala yake tukaenda kuazima magari.

Naongelea ule msimu mrefu wa vichupa vya Dar, kuanzia hapo mpaka kama 2012. Unavijua hata kama hukuwepo. Kinaanza na nembo ya kampuni inazunguka; kama ni ya Visual Lab ya Adam Juma unajua umepata kitu kimetulia, maana jamaa yule ndiye aliyewafundisha wengi kwamba mwanga ni kazi siyo bahati. Baada ya nembo, stori. Dogo masikini kampenda mtoto wa tajiri. Dingi anakataa, ananyoosha kidole getini. Demu analia kitandani. Inakuja hospitali, inakuja ajali, mara nyingine msiba kabisa na jeneza. Katikati msanii anaimba ufukweni amevaa miwani, nyuma yake ndinga ambayo mwenyewe yuko pembeni na funguo, anaangalia saa. Jumba la ghorofa ni la mtu, sofa ni za duka, mbwa ni wa jirani. Tulivipenda, tena sana. Lakini vilitufundisha kitu kibaya taratibu: kwamba mahali panapofaa kupigwa picha ni pale ambapo wewe huishi.

Vingine vyote tulivipata kwenye memori kadi, na hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu hakuna anayeiandika hii historia. Kabla bando halijawa bei ya kawaida, Hamugembe ilikuwa na vibanda vya kuchoma nyimbo. Kompyuta moja imefunikwa kitambaa, feni inalia, ukutani mabango ya Rihanna na 50 Cent. Unampa jamaa simu yako ya kichina, anachomoa kadi, anauliza, "Mpya au za zamani?" Unalipa jero au buku, anakujazia. Yeye ndiye MTV. Yeye ndiye anayeamua kitaa kitacheza nini wiki hiyo. Video zilikuwa zimebanwa mpaka sura ya msanii imekuwa viboksi viboksi, mdomo unachelewa sauti, na bado watu sita wanabanana juu ya kioo cha ukubwa wa kiberiti. Ukikutana na mshkaji mwenye kitu kipya mnawasha Bluetooth, mnakaa mmegusanisha simu dakika kumi kama mnaombeana. Wasanii hawakupata hata mia kwenye mchezo ule, na hilo halikuwa sawa. Lakini bila vibanda vile nusu ya majina makubwa ya Bongo yasingefika Kagera kwa wakati.

Wakati sisi tunabanana kwenye kiberiti, juu kule vita ilikuwa ya kiwango. Channel O ilikuwepo Sauzi tangu 1997, MTV Base ikaja Afrika Februari 2005, na zote mbili zilikuwa na mlango mwembamba: picha yako ikiwa na ukungu, haipigwi, hata kama goma ni kali vipi. Mwaka 2008 Canon ikatoa 5D Mark II, kamera ya picha mnato inayoshuti video safi kabisa kwa bei ambayo kampuni ndogo ingeweza kujikusanya ikainunua, na madairekta wa Afrika Mashariki wakaanza kusogea. Ila bado wasanii waliona njia fupi ni kukwea pipa. Mwaka 2013 Diamond akaenda kwa Madiba na Ogopa wa Kenya wakamshutia "Number One". Rimiksi na Davido ikapigwa na Clarence Peters wa Nigeria. Novemba 2014 jamaa akabeba tuzo 3 za Channel O usiku mmoja. Ukishaona mwenzako amerudi na tuzo 3, utabaki Kinondoni kufanya nini? Safari zikawa fasheni. Ali Kiba akatoka na "Aje" mwaka 2016, dairekta Meji Alabi. Kukawa na kipindi ambapo mashabiki wanabishana siyo wimbo upi mkali, bali nani kashutia wapi. Ubishi wa kijinga, ila niliufurahia.

Kilichoua fasheni hiyo ni madogo wa hapahapa. Mwishoni mwa 2016 Darassa aliachia "Muziki", kichupa cha Hanscana, na nchi nzima ikasimama bila hati ya kusafiria. Baadaye Director Kenny akaanza kumshutia Diamond kazi ambazo zamani zingepelekwa kwa Wasauzi, ikiwemo "Waah!" na Koffi Olomide mwaka 2020. Fikiria hiyo: Koffi yuleyule wa kanda za VHS za washua, sasa amesimama mbele ya lenzi ya dogo wa Bongo.

YouTube nayo ikabadilisha hesabu. Tangu "Gangnam Style" ya Mkorea ivuke watazamaji bilioni 1 Desemba 2012, kila msanii amekuwa mhasibu. Juni 2020 chaneli ya Diamond ikafikisha jumla ya bilioni 1, wa kwanza kusini mwa Sahara. Timu zikaanza kutukanana kwa namba, kiki zikapangwa siku mbili kabla ya kichupa kushuka, na serikali ikaanza kuchungulia kwa jicho kali. "Mwanza" ya Rayvanny na Diamond ilipigwa pini na BASATA Novemba 2018. Mwaka 2022 "Mtasubiri" ya Diamond na Zuchu ikasimamishwa kwenye vyombo vya utangazaji kwa sababu ya kipande cha kanisani. Kuhusu hilo mimi nina neno moja: mtu anayesubiri kichupa kifungiwe ndipo kivume, nyimbo zake zina tatizo.

Sasa tupo kwenye zama za simu wima. "Komasava" ya Diamond mwaka 2024 ilitembea kwa miguu ya watu wanaocheza TikTok, mpaka Chris Brown akaingia mwenyewe bila kuitwa kwenye seti. Kichupa rasmi kinakuja wakati goma limeshazunguka dunia. Maana yake dogo anayecheza kwenye vumbi Hamugembe anahesabika kwenye video ya wimbo, hata kama jina lake halimo kwenye orodha ya mwisho. Sura ya kitaa iko hewani kila siku. Tatizo ni kwamba tukipewa kamera ya kweli, tukiambiwa haya tushuti kazi ya maana, bado tunarudi kwenye ndinga ya kuazima na jengo la hoteli. Nimeona vichupa vya wana wa Bukoba ambavyo ukiondoa sauti huwezi kujua kama ni Bukoba, Kahama au Ubungo. Waya za umeme, ukuta wa tofali, gari jeupe, moshi wa rangi. Basi.

Waliotuzidi akili kwenye hili ni kwaya, na sitanii. Wakati masela tunahangaika na miwani, kwaya za makanisani zilikuwa zinajipanga ufukweni mwa ziwa na sare zao, zinayumba kushoto, zinayumba kulia, nyuma maji, mbele maua, mara migomba, mara mlima. Tuliwacheka kwa zile sinema za simba zinazochomekwa katikati ya pambio. Lakini jiulize kwa nini mama yako bado anazo DVD zile kabatini. Ambassadors of Christ wa Kigali walishika Afrika Mashariki nzima na "Kwetu Pazuri", na kwenye kichupa kile hakukuwa na ndinga hata moja ya kumwonea mtu wivu. Watu wanapenda kuona mahali.

Na mahali tunapo, mwanangu, mpaka panachosha kuhesabu. Kisiwa cha Musira kinakutazama kutoka ufukweni, boti ni dakika chache. Kilima cha Bunena na kanisa lake, ziwa limelala chini. Ukienda Muleba unapanda Kamachumu, unakuta ukungu wa asubuhi ambao Dar wanaununua kwenye mashine. Visiwani Bumbire wavuvi wa dagaa wanawasha taa usiku, maji yote yanakuwa na vitone vya mwanga. Na mvua zetu ambazo kila mgeni analalamikia? Muulize dairekta yeyote anayejua kazi: jua la saa sita linakata uso vipande, wingu linaulainisha. Bukoba tuna mawingu ya bure.

Ila mimi ningeanza na senene. Msimu ukifika, Novemba na Desemba, mitego inasimamishwa: mabati yamepangwa yamesimama, mapipa chini yake, na juu taa kali za kuita wadudu, jenereta inanguruma, anga nzima imegeuka kijani na nyeupe, senene wanashuka kama mvua. Watu wamejifunika mashuka wasiwashwe, watoto wanakimbizana na ndoo. Wenzetu wanakodi malori ya taa kupata mwanga ule. Sisi tunaukuta tayari umewashwa na mtu anayetafuta kitoweo, na katika vichupa vyote vya Bongo nilivyowahi kuangalia, sijaona hata kimoja kilichosimama chini ya zile taa. Hata kimoja!

Nilimwambia hivyo dogo mmoja wa kitaa anayeshuti harusi na send-off, ana kamera yake nzuri tu na anaedit mwenyewe geto.

"Broo, msanii atakubali kweli kushutiwa kwenye senene? Atasema namshusha."

"Saida alishushwa na ngoma?"

Akacheka. "Sawa, lakini mteja anataka droni."

Droni ni nzuri, ila inataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na siyo kila dogo anacho. Halafu kichupa cha kitaa hakihitaji kuonekana kutoka angani. Kinahitaji mtu ashuke chini, asogeze kamera kwa muuza ndizi, kwa fundi viatu, kwa bibi anayekaanga senene mlangoni, kwa ile nyumba yenye ufa ambao familia imeupaka rangi juu kwa juu. Ufa wa Hamugembe una miaka yake na stori yake, na hakuna seti ya Sauzi inayoweza kuujenga ukaaminika.

Kwa hiyo wewe mwenye goma lako kwenye simu, unayesubiri mdhamini akupeleke Dar: simu yako inashuti picha safi kuliko kamera zilizompiga Koffi enzi zile. Tafuta washkaji watatu, tafuta yule dogo wa harusi, nenda kaongee na mwenye mtego wa senene mapema kabla ya Novemba, mchangie mafuta ya jenereta, umwombe radhi mkimkanyagia mabati. Imba hata kwa Kihaya ukitaka, njia ilishafunguliwa. Na ukipakia, pale kwenye maelezo ya kichupa, usiandike Tanzania tu. Andika Hamugembe, Bukoba.